Shamba la ekari 6 linapakana na Hifadhi ya Amani: nikague nini kabla ya kutoa hela?

Chumbageni_Juu

Wakuu, salaam. Kuna shamba linauzwa tarafa ya Amani, Muheza, kule juu kwenye baridi na chai. Muuzaji anasema ni ekari 6. Ndani kuna mikarafuu kama 40, midalasini, migomba, na iliki chini ya miti mikubwa upande wa juu, ambako shamba linagusana na msitu wa hifadhi. Upande wa chini kunapita kijito, kama mita 150 hivi za ukingo.

Karatasi iliyopo ni mauziano ya zamani yaliyoandikwa kwa mkono, yamegongwa muhuri na mwenyekiti wa kitongoji.

Muuzaji ana maneno manne ambayo naomba myapime. Moja, mpaka wa juu ni "pale iliki zinapoishia". Pili, maji ya kijito ni ya kwangu, nimwagilie nitakavyo. Tatu, kuna miti ya Maesopsis kumi na mbili nene, nikizipasua mbao zinarudisha nusu ya bei. Nne, kuni za kukaushia iliki zinaokotwa hifadhini bure. Nipo Tanga mjini, nitapanda wiki ijayo kuliona. Nikague nini?

---

Fundi_Mipaka

Mgosi, hilo la "pale iliki zinapoishia" ndilo la kuogopa kuliko yote. Iliki inataka kivuli, na kivuli kizuri kiko msituni. Kwa miaka mingi watu wa Usambara Mashariki wamefyeka chini tu, wakaacha miti mikubwa isimame, wakapandia iliki humo. Ukitazama kutoka barabarani unaona msitu, ukiingia unakuta shamba. Pale Derema, kabla msitu haujatangazwa hifadhi, wakulima wa iliki walilipwa fidia ya mazao miaka ya 2000 ili waondoke. Wewe ukinunua iliki zilizo ndani ya bikoni (nguzo za mpaka wa hifadhi) leo, hakuna fidia. Umenunua kesi.

Kwanza jua unasimama kwenye ardhi ya aina gani. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake. Tunachouziana ni haki ya kuitumia. Sheria za mwaka 1999 zimeigawa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kule juu unaweza kukanyaga zote tatu kabla jasho halijakutoka. Mashamba makubwa ya chai ni ardhi ya jumla yenye hati, hata pale chai ilipotelekezwa ikawa kichaka. Msitu ni ardhi ya hifadhi. Muuzaji wako anaweza kuwa na haki kwenye fungu moja tu, la kijiji. Na hata ndani ya kijiji kuna misitu ya hifadhi ya kijiji yenye sheria ndogo zake, na hiyo nayo haiuzwi.

Amani yenyewe ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, ya kwanza ya daraja hilo nchini, hekta 8,380 hivi. Iliunganishwa kutoka misitu kadhaa ya akiba, vipande vya msitu vilivyokuwa vya kampuni za chai, na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Hili lina maana kwako: ukipewa ramani ya zamani hutaona jina "Hifadhi ya Amani". Utaona Kwamkoro, Kwamsambia, Amani Sigi, Mnyusi na kadhalika. Mtu akikuonyesha ramani ya miaka ya 1980 na kukwambia "hapa hapajaandikwa hifadhi", huenda kipande hicho kilikuwa msitu wa shamba la chai wakati huo na kiliingizwa 1997.

Namna ya kuutafuta mpaka: nenda ofisi ya hifadhi, omba kwa barua mhifadhi mmoja apite mpaka pamoja nawe, muuzaji, majirani wa pande zote na afisa mtendaji wa kijiji. Sio mmoja mmoja, wote siku moja. Mkifika mtafute bikoni mbili, sio moja. Kosa la kila siku ni mtu kuona bikoni moja kisha kufuata njia ya miguu akidhani ndiyo mpaka. Kati ya bikoni na bikoni mpaka unakwenda mstari ulionyooka, isipokuwa ramani iseme unafuata mto au mgongo wa kilima. Njia ya miguu inapinda kufuata urahisi wa miguu. Simameni mmoja kila bikoni, mwingine katikati, mnyooshane kwa macho, kisha mfunge utepe kwenye mstari. Nyanda za chini utaona safu za mitiki iliyopandwa kuonyesha mpaka. Huko juu unakokwenda usitegemee mitiki. Kutokuwepo kwa miti ya mpaka si ushahidi kwamba mpaka hauko hapo.

Sasa simu. Watu wanachukua nukta za GPS za simu wanazihamishia kwenye ramani ya 1:50,000 na kushangilia kwamba wako nje ya hifadhi. Ramani hizo za zamani zimechorwa kwa mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Tofauti ya namba hizo kule kwetu ni mita 300 hivi, sehemu kubwa ikiwa kaskazini-kusini. Mita 300 ni karibu urefu wa mashamba mawili kama lako: ekari 6 zikiwa mraba, upande mmoja ni mita 156 tu. Kwa hiyo ama badilisha mfumo kwenye programu, ama mpe mpima akubadilishie. Na chini ya miti mikubwa simu inaweza kukosea mita 10 hadi 20 bila kukwambia. Kosa la mita 15 kwenye upande mmoja wa mita 156 ni zaidi ya nusu ekari. Nukta za simu ni za kujua uko wapi, sio za kuandikia mkataba.

---

Binti_Kihuhwi

Naongezea la maji, maana hapo ndipo ekari 6 zinapoyeyuka.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kijito chako kina ukingo wa mita 150 upande wako. Zidisha: 150 mara 60 ni mita za mraba 9,000. Shamba zima la ekari 6 ni kama 24,280. Yaani asilimia 37 ya unachonunua huwezi kujenga, na hupaswi kulima kwa jembe kila msimu. Sio kwamba sehemu hiyo haina thamani. Inaweza kukaa miti, majani ya malisho ya kukata, migomba michache iliyopo. Lakini usilipe bei ya shamba kwa ardhi ya kingo.

Kupima: mita 60 ni za usawa, sio za kutembea kwenye mteremko. Ukivuta kamba chini ya kilima chenye mwinuko wa digrii 30, mita 60 za usawa ni mita 69 za kamba. Anzia pale maji yanapofika wakati wa masika, sio pale yalipo Februari. Alama utaziona wenyewe: takataka zilizonasa kwenye vichaka, mizizi iliyooshwa, mchanga mweupe uliolala juu ya majani.

Maji si ya mwenye shamba. Kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuna ugomvi. Ukiweka pampu, ukichepusha kwa mfereji au ukijenga kizuizi, unahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo ndiyo inasimamia mto Zigi pia. Na kule hakuna kijito kidogo. Vingi vinashuka Zigi, Zigi inaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo bomba lako hapo Chumbageni. Ukilima mpaka kwenye maji huko juu, utayanywa matope yako mwenyewe huku chini.

Jambo moja la kukagua ambalo hukuuliza: angalia kama kuna mashimo kwenye kingo au changarawe iliyopinduliwa. Mwaka 2003 dhahabu ilileta watu wengi Sakale, na tangu hapo uvumi wa dhahabu haujakauka kwenye vijito vya Amani. Madini ni mali ya serikali na yana leseni yake. Kumiliki shamba hakukupi dhahabu iliyo chini. Lakini mashimo na zebaki vikikutwa kwako, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

---

Seremala_MajaniMapana

Nakuja kwenye mbao. Maesopsis (ile yenye gome la kijivu-jeupe lenye mifereji ya kushuka, shina limenyooka, matawi yako juu kabisa) si mti wa Usambara. Uliletwa enzi za bustani ya Amani, ukapandwa tena kwa wingi baada ya ukataji mkubwa wa magogo, ukatapakaa. Hondohondo wanakula matunda yake na kudondosha mbegu kila mahali. Unapenda mwanga, kwa hiyo kila pengo msituni linakuwa lake.

Biashara yake: mbao laini, nyepesi, nyeupe-njano. Inafaa fomu za kumwagia zege, makreti, dari za bei nafuu. Ikikaa nje kwenye mvua inaoza haraka, na wadudu wanaipenda ikiwa haijakaushwa. Usipige hesabu kwa bei ya mninga. Na magogo ya kule yanalipiwa mara mbili, mara ya kwanza kupasua, mara ya pili kuyabeba kichwani hadi barabara inayopitika. Pima umbali kutoka mti hadi pale gari linapofika wakati wa mvua. Kama ni zaidi ya nusu kilomita ya mlima, nusu ya bei uliyoambiwa haipo.

Utaratibu wenyewe: mti kuwa shambani kwako hakukupi ruhusa ya kuuangusha na kuuza. Unaanza kijijini, halmashauri ya kijiji inaandika muhtasari, unapeleka ofisi ya misitu ya wilaya, mti unakaguliwa na kupimwa, ndipo upate kibali. Baada ya kupasua mbao zinagongwa alama kwa nyundo ya muhuri, unachukua hati ya kusafirishia. Uliza pia saa ambazo gari la mbao linaruhusiwa kutembea. Watu wengi wanakamatwa wakiwa na kibali halali cha kukata lakini hawana hati ya kusafirisha, au hati inasema vipande 80 na garini kuna 95.

Mti wa hifadhi ukiangukia shambani kwako, usiupasue. Piga simu ofisi ya hifadhi, piga picha shina lilipong'okea na bikoni iliyo karibu. Mti wako ukiangukia hifadhini, vivyo hivyo, usiingie na msumeno. Na Maesopsis iliyo ndani ya bikoni haikatwi eti kwa sababu ni mti mvamizi. Hifadhi ya mazingira asilia haina uvunaji wa mbao wa aina yoyote.

Kwa hiyo hesabu upya: kati ya hizo kumi na mbili, ngapi ziko upande wa iliki? Nina wasiwasi kwamba nyingi.

---

Mgosi_wa_Lusanga

Seremala umesema vizuri, ila mimi sioni kwa nini azikate hata zilizo zake. Kivuli cha Maesopsis ndicho kinachoilisha iliki. Akiziangusha zote kumi na mbili mwaka wa kwanza iliki itaungua jua, na magugu yatamzidi nguvu. Kuna wazee kule wanaipenda kuliko miti ya asili kwa sababu inakua haraka na majani yake yanaoza upesi.

---

Seremala_MajaniMapana

Sikusema azikate zote, mgosi. Lakini kuziacha zote karibu na mpaka ni kupeleka mbegu hifadhini kila msimu. Njia ya kati ni hii: zilizo karibu na msitu ziondolewe kwanza, mbilimbili kwa mwaka, na chini yake pawe pamepandwa kitu kingine cha kivuli mwaka mmoja kabla. Ukiangusha mti mkubwa ghafla unafungua mwanga, na kinachoota kwenye mwanga huo ni Maesopsis changa mia. Ung'oe miche hiyo kwa mkono ikiwa haijafika goti, baada ya mvua, udongo ukiwa laini.

Kama mti hauna thamani ya mbao na ukiuangusha utavunja mikarafuu, utoe gome: duara kamili kuzunguka shina, upana wa sentimita 20 hivi, hadi kwenye mti mweupe, bila kuacha hata uzi wa gome. Unakufa umesimama polepole na mwanga unaingia kidogo kidogo. Ubaya wake ni kwamba matawi makavu yataanguka kwa miaka kadhaa, kwa hiyo usifanye juu ya njia wala karibu na nyumba.

Na tazama chini pia. Kuna kichaka chenye majani ya manyoya na mistari inayokwenda sambamba kutoka kikonyo hadi ncha, matunda madogo ya buluu-nyeusi. Hiyo ni Clidemia hirta, mgeni mwingine. Inang'oka kwa mkono na mizizi yake. Ikiwa imejaa chini ya mikarafuu, ongeza gharama ya vibarua kwenye hesabu.

Kabla sijasahau: usikate msambu (Allanblackia, mti wa asili wa kule). Muuzaji anaweza kukuonyesha miwili mitatu "isiyozaa" akakwambia ni kuni. Msambu una dume na jike kwenye miti tofauti. Dume halizai kamwe, lakini likiondoka majike ya jirani nayo yanakosa matunda. Mbegu zake zina mafuta mazito yanayonunuliwa. Matunda yanaokotwa yakidondoka yenyewe, hayapigwi mawe. Yanalundikwa kwenye majani siku kadhaa hadi nyama ilainike, mbegu zinatolewa, zinaoshwa, zinaanikwa hadi ukizitikisa zinalia. Kupanda mpya ni kazi ya subira: mbegu inaweza kukaa ardhini miezi mingi, hata mwaka, bila kuota. Ndiyo maana watu wa kitalu wanabebesha kikonyo cha jike kwenye mche mdogo, wanakuwa na uhakika wa jinsia na wanafupisha kungoja.

---

Shamba_Darasa

Basi tuseme mpaka umepatikana na umebaki na ekari 4 za kweli. Zilimwe vipi ili usivamie hifadhi baada ya miaka 8? Nauliza hivyo kwa sababu iliki ya mtindo wa zamani inachosha udongo. Miaka ya mwanzo inabeba vizuri, ikifika kama 7 hadi 10 inashuka, na mkulima anatafuta msitu mwingine.

Mimi ningeachana na kuongeza iliki. Pilipili manga inapanda juu ya mti ulio hai, haihitaji msitu. Panda mgrevilea kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, uache ukue mwaka mmoja, kisha weka vipando viwili vya pilipili kila mti, vyenye vifundo 3 hadi 5, upande usiopigwa na jua la jioni. Gome la mgrevilea lina mikwaruzo, mizizi ya pilipili inashika. Punguza matawi mara mbili kwa mwaka ili mwanga uingie. Matawi hayo ndiyo kuni zako. Mavuno ya maana ni mwaka wa tatu. Unachuma shada likiwa na punje moja mbili zimegeuka nyekundu, sio kijani tupu. Pilipili changa ikikauka inakuwa nyepesi, mnunuzi akiipuliza inaruka.

Kuni hizo ni jibu la swali lako la nne. Vijiji vyenye makubaliano ya usimamizi wa pamoja na hifadhi vinaruhusiwa kuokota kuni kavu zilizoanguka, kwa siku zilizopangwa, kwa matumizi ya nyumbani. Mnunuzi kutoka mjini anayekausha iliki ya biashara hayumo humo. Na kukausha iliki kunakula kuni, maana inataka joto la pole, chini ya nyuzi 50, kwa muda mrefu. Ukizidisha moto maganda yanapasuka na rangi ya kijani inapotea, na bei inashuka nayo. Kwa hiyo ama panda kuni zako, ama uza mbichi kwa mwenye kikaushio.

Udongo: mvua ya Amani ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Usipande kitu kabla ya kuweka mistari ya kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko. Huhitaji mpima kwa hili. Funga fremu A: miti miwili ya mita 2 iliyounganishwa juu, mmoja wa kukatiza katikati, uzi kutoka kileleni wenye jiwe. Simamisha, weka alama uzi unapogusa ubao wa kati. Geuza miguu, kila mmoja ukae palipokuwa mwenzake, weka alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Watu wanaruka hatua ya kugeuza, wanachora mistari inayoteremka kidogo kidogo, na masika ya kwanza maji yote yanakusanyika mwisho wa mstari na kuchimba korongo. Anza na mstari wa juu, ndipo ushukie unaofuata: kila mstari tembeza fremu kukata mteremko, uzi ukiwa kwenye alama ya usawa, piga kigingi kila hatua. Kwenye mteremko mkali acha mita moja na nusu hadi mbili za kimo kati ya mstari na mstari. Panda majani ya Guatemala, vipando vya macho matatu, kila sentimita 30, mwanzoni mwa mvua.

Usichome. Sheria ya Misitu inataka ruhusa kabla ya kuwasha moto wa kusafishia shamba, na Januari na Februari upepo unapanda mlima. Moto uliowashwa chini unafika bikoni kabla hujapata ndoo. Rundika mabua kwenye mistari ya kontua, yataoza yenyewe.

---

Chumbageni_Juu

Nimekupateni wote, asanteni sana. Swali la mwisho. Muuzaji anataka nusu ya hela siku ya kuliona, anasema kuna mteja mwingine. Na ule muhuri wa kitongoji unatosha au hautoshi?

---

Fundi_Mipaka

Hautoshi. Mwenyekiti wa kitongoji ni shahidi mzuri wa nani amelima wapi, basi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na kumhamishia haki ya kimila mtu asiye mkazi wa pale lazima halmashauri iridhie. Unachotaka kuona ni muhtasari wa kikao chenye mahudhurio na sahihi, unaotaja jina lako, ukubwa na majirani wa pande nne. Omba pia kuona mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kama upo, uone kipande hicho kimepakwa rangi gani: kilimo, makazi, au msitu wa kijiji.

Mke au mume wa muuzaji asaini. Kama ni shamba la urithi, ndugu wasaini. Mauziano ya zamani uliyoyataja yana jina la nani? Likiwa jina la baba yake marehemu, uliza usimamizi wa mirathi kabla ya kuuliza bei.

Hela ya kwanza itoke baada ya siku ya kupita mpaka, sio kabla. Andikeni muhtasari wa siku ile pale pale, juu ya jiwe ikibidi: nani alikuwepo, bikoni namba ngapi, mstari ulipita wapi, iliki mashina mangapi yalibaki upande wa hifadhi. Hayo mashina yatolewe kwenye mauziano kwa maandishi, muuzaji asaini kwamba hakukuuzia. Halafu mpime kilichobaki kwa kamba au kwa mpima, bei iwe kwa ekari iliyopimwa, na zile mita 60 za mto zihesabiwe kando kwa bei yake. Ukishanunua, omba hati miliki ya kimila.

Huyo mteja mwingine yupo kila shamba linalouzwa, mgosi. Mwambie apande naye siku hiyo hiyo.

---

Binti_Kihuhwi

Panda na mabuti ya mpira na kamba ya mita 50. Na kama mvua imenyesha usiku, acha gari Sigi, kile kipande cha kupanda Amani kinateleza kama kambale.